Nusu ya Mtani

Kitu kidogo kilidondoka kwenye kisahani cha bati, kikazunguka kidogo, kikatulia.

Nje bado kulikuwa giza. Dokta Nakijwa Mbwambo, aliyekuwa amelala kwenye godoro sebuleni kwa Bibi Kalunde, alifumbua macho lakini hakujitingisha. Sauti ile aliijua kuliko mtu yeyote jijini Dodoma, maana mashine iliyoitoa aliibuni yeye. Hata hivyo hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba ya mtu, ikiwa imechanganyika na mkoromo wa paka na mvumo wa birika lililojiwasha lenyewe.

"Kidonge kipo tayari, Bibi," sauti ya upole ilisema kutoka ukutani. "Umeamkaje?"

"Si unanisikia nimeamka?" Bibi Kalunde alijibu kutoka chumbani kwake. "Punguza sauti, kuna mgeni amelala."

Nakijwa alitabasamu. Usiku ule bibi huyo alitoka chumbani kuja kumwongezea kitenge, akamfunika mpaka vidole vya miguu, kisha akarudi kwa kunyata kama mwizi. Mgeni wa serikali, daktari mzima mwenye mvi za kwanza, kafunikwa kama mtoto.

Mashine ile iliitwa mgawadawa. Ilikuwa ndogo, kama redio ya zamani, imening'inia ukutani juu ya meza ya chakula. Kila alfajiri ilichota unga, ikaukandamiza, ikadondosha kidonge kibichi kwenye kisahani. Kisahani kilijua uzito wake, kwa hiyo kidonge kikiondolewa, mashine ilijua. Ilikuwa pia na masikio ya kusikia mtu akimeza maji. Macho haikuwa nayo, kwa kuwa sheria ya nchi ilikuwa imekataza mashine kuchungulia ndani ya nyumba za watu.

Ndani ya unga huo mlikuwa na dawa mbili za zamani sana. Moja ilikuwa dawa ya kisukari. Ya pili ilikuwa dawa ya lehemu, yale mafuta ya damu yanayoziba mishipa. Kwa miaka mingi watu walizimeza kila mmoja kwa shida yake, nazo zilipatikana katika kila duka la dawa kama chumvi inavyopatikana sokoni. Hakuna aliyedhani zilikuwa na siri nyingine. Mtu akishazoea kwamba jembe ni la kulimia, hakumbuki kwamba linaweza pia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Lakini Nakijwa, alipokuwa akipitia habari za wazee wa hospitali mbalimbali, aliona jambo: wale waliokuwa wakimeza dawa zote mbili hawakupata sana ugonjwa wa doa la katikati.

Ugonjwa huo ni wa macho ya uzeeni. Mtu haoni giza tupu. Anaona pembeni vizuri, anaona mlango, anaona kuku akipita. Ila pale katikati, pale anapotaka kutazama hasa, panakuwa na ukungu. Ukimtazama mjukuu wako unaona masikio yake na kola ya shati, uso huuoni. Mama yake Nakijwa, huko Same, alikuwa amefika hapo. Siku hizi alimtambua binti yake kwa kumpapasa paji la uso.

Ndiyo maana Nakijwa alianzisha utafiti wake katika Mtaa wa Zabibu, penye wazee wengi. Katika nusu ya nyumba za mtaa, mgawadawa ulichanganya dawa ya kweli. Nusu nyingine ulichanganya chaki tupu, ili ijulikane tofauti. Nani apate nini, hakuna binadamu aliyejua. Aliyejua ni Mpambanuzi, akili unde ya kituo cha utafiti, ambaye ndiye aliyewagawa watu.

Sasa Mpambanuzi alikuwa ametoa majibu, na majibu yalikuwa mabaya kwa namna ya ajabu. Waliopewa dawa, macho yao yalikuwa mazima. Waliopewa chaki, macho yao nayo mazima, karibu sawasawa. "Dawa haina kazi," Mpambanuzi alisema. Mchana wa siku hiyo Baraza la Utafiti lingekaa kuufunga mradi. Ukifungwa umefungwa, dawa zile zingerudi kabatini, na hakuna ambaye angeziuliza tena habari za macho.

Nakijwa hakuamini. Chaki haitibu jicho. Akaomba alale usiku mmoja tu katika nyumba mojawapo, aone kwa macho yake yale ambayo mashine haikuruhusiwa kuyaona. Bibi Kalunde ndiye aliyesema, "Njoo kwangu, mwanangu. Godoro lipo."

Mlango uligongwa kwa fimbo, tena kwa fujo.

"Mbukwa, mpagazi wee! Bado umelala, au umechoka na mizigo ya Waarabu?"

"Mwangaluka, mla mlenda!" Bibi Kalunde alirudisha salamu kwa kufoka akitoka chumbani, kanga begani. "Asubuhi yote hii umekuja kuuza maji? Umechelewa! Babu zako waliwauzia babu zangu maji ya kisima kwa shanga, sasa serikali inayanasa hewani kwa minara, bure. Mtakula nini nyie Wagogo?"

"Tutawala nyie Wanyamwezi na michembe yenu ya viazi."

Kwenye mgawadawa taa ndogo ya njano iliwaka. Nakijwa aliijua taa hiyo. Maana yake mashine imesikia ugomvi, na inauandika.

Aliyeingia alikuwa Bibi Matika wa nyumba ya jirani, mfupi, mwepesi, mwenye kilemba chekundu. Hakumwona mgeni godoroni. Alikwenda moja kwa moja mezani, akachukua kidonge cha Bibi Kalunde kwenye kisahani kana kwamba ni chake, akakiweka juu ya sinia na kukikata kwa kisu cha vitunguu. Nusu akaitia mdomoni. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa nusu nyingine iliyokatwa vilevile, akaibandika kwenye kiganja cha mwenzake.

"Haya, na wewe hii ya kwangu, nusu yake nimeshaimeza nyumbani. Meza upesi, usije ukafa nikakosa wa kumtukana."

"Nife mimi? Nitakuzika wewe kwanza, na ubani wa msiba wako nile mwenyewe." Bibi Kalunde akaokota nusu iliyobaki kwenye sinia, akatia zote mbili mdomoni, akanywa maji.

"Umemeza vizuri, Bibi," mgawadawa ulisema. "Hongera."

Nakijwa aliketi ghafla, kitenge kikamwanguka. "Bibi!"

Wale wazee walishtuka kama wanafunzi waliokutwa na mwalimu mkuu. Bibi Matika akaficha kisu nyuma ya mgongo, ingawa hapakuwa na haja.

"Kumbe mtoto kaamka," Bibi Kalunde alisema. "Ngoja nikupe chai."

"Mmekuwa mkigawana? Kila siku?"

"Tungefanyaje?" Bibi Kalunde alikuwa tayari anamimina chai. "Wewe mwenyewe ulituambia pale ukumbini, ukasema kweli kama muungwana, kwamba vidonge vingine ni chaki. Tukarudi nyumbani, huyu akaniambia, huenda mmoja wetu kapewa chaki. Sasa mimi nile dawa, yeye ale chaki apofuke? Nitamtukana nani? Mtu asiyekuona uso, hata ukimbinulia mdomo hajui!"

"Na mimi ni mtani wake," Bibi Matika aliongeza, akikaa. "Cha mtani ni changu. Nikikuta nyama sufuriani kwake nakula, na hana ruhusa ya kununa. Ndivyo tulivyoikuta. Sasa kidonge ni nini hata nikiombe?"

"Na wenzenu mtaani?"

Wazee walitazamana. "Kila mwenye mtani," Bibi Kalunde alisema taratibu. "Mtaa huu nusu ni Wagogo wa hapahapa, nusu ni sisi tuliokuja na reli. Huwezi kutema mate usimpate mtani."

Nakijwa alifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika, na wale wazee wakadhani analia. Bibi Matika akamshika goti. "Pole, mama. Tumekuharibia kazi." Lakini alikuwa akicheka. Alipoweza kusema aliinua mkono, akagusa kikuku chake cha mawasiliano.

"Mpambanuzi, niambie. Ulipowagawa watu, uliangalia nini?"

"Habari ya asubuhi, Dokta," Mpambanuzi alijibu. "Niliogopa watu wa karibu wasije wakagawana dawa. Kwa hiyo nilisikiliza mazungumzo ya mtaa kwa muda kabla ya kuanza. Walio ndugu na marafiki niliwaweka upande mmoja. Wakigawana, hakuna kinachoharibika. Walio maadui niliwaweka pande tofauti, kwa sababu adui hagawani."

"Bibi Kalunde na Bibi Matika?"

"Uadui mkubwa. Matusi kila siku, kabla ya jua kuchomoza. Wamewahi kutishiana kuzikana."

Bibi Matika alipiga ukelele. Bibi Kalunde aliweka birika chini ili asijimwagie. Walicheka wakashikana mikono, wakafutana machozi kwa pindo la kanga ileile.

"Uadui!" Bibi Matika alisema akihema. "Mimi na mpagazi huyu! Nilipofiwa, ni nani alikuja kulala kaburini akasema hatoki mpaka apewe jogoo, mpaka hata mimi mjane nikacheka?"

"Jogoo mwenyewe alikuwa amekonda," Bibi Kalunde alisema.

"Dokta," Mpambanuzi aliuliza, "je, wanaotukanana wanapendana? Nilifundishwa kinyume."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, Dokta."

Kweli, Nakijwa ndiye aliyemfundisha. Alimpa maneno ya huruma na maneno ya hasira, akampa sauti za juu na za chini, akamweleza kila kitu alichodhani kuwa kinahusu maradhi na watu. Na yeye mwenyewe alikulia Same. Alizika babu yake huku watani wa Kichaga wakiiba mwiko wa wapishi na kuukimbiza mtaa mzima. Alilijua jambo hilo tangu hajaota meno ya pili. Halikumjia akilini kamwe kwamba ni jambo la kumwambia mashine.

Bibi Matika alikuwa amekoma kucheka. "Sasa mtatutoa?" aliuliza. "Sheria yenu inasema anayegawa dawa anatolewa. Tulisikia. Mimi nilikuwa nimeanza kuona ukungu kabla ya mambo haya, mwanangu. Nikiangalia uzi na sindano, sindano sikuiona. Sasa haujaongezeka. Ukinitoa, sijui."

"Kanuni inasema hivyo, Bibi, sitakudanganya," Nakijwa alisema. "Lakini Baraza halijakaa bado. Naombeni damu kidogo kwenye vidole vyenu, nijue nusu hizo zimefika wapi. Kisha nitauliza upya, kwa swali zuri zaidi."

Walitoa vidole bila kusita. Bibi Kalunde akageuza shingo pembeni, maana aliogopa sindano, na mtani wake akamwimbia kwa kejeli wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Asubuhi ile Nakijwa alikaa mezani pale pale, chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, mbele yake, akafanya kazi na Mpambanuzi. Alimwambia asahau makundi mawili. Atengeneze matatu: wanaotukanana na mtu wa upande wa pili kila asubuhi, hao wawekwe pamoja kama watu wa nusu dawa. Waliobaki, wasio na mtani, watenganishwe: wenye dawa nzima huku, wenye chaki nzima kule.

Damu ya vidole ilithibitisha: wazee wote wawili walikuwa na dawa mwilini, kiasi kilekile. Mpambanuzi, ambaye kwa kawaida hujibu kabla hujamaliza kuuliza, alichukua muda.

"Dokta, nilikosea," alisema hatimaye. "Wenye dawa nzima, macho yao yamesimama palepale. Wenye nusu, yamesimama vilevile, na matumbo yao hayakusumbuka kama ya wenye dawa nzima. Wenye chaki nzima wameharibikiwa. Dawa ina kazi."

Bibi Kalunde alimsogezea Nakijwa kipande kingine cha tobolwa, naye akakila ingawa alikuwa ameshiba.

"Hao wa chaki," aliuliza baadaye, "ni wengi?"

"Wachache sana. Karibu kila mtu alikuwa na wa kumtukana. Aliyeharibikiwa zaidi ni Mzee Anaeli Kiwelu, nyumba ya mwisho, karibu na kituo cha reli ya juu. Niliiandika nyumba yake kuwa ya amani kuliko zote. Tangu utafiti uanze, hajatukanwa hata mara moja."

Wazee waliacha kutafuna.

"Yule Mchaga aliyekuwa fundi wa treni," Bibi Matika alisema. "Tunamwamkia vizuri sana yule. Shikamoo, habari za leo, nzuri, basi tunapita."

"Ndiyo," Bibi Kalunde alisema akitazama sinia. "Vizuri mno."

Baraza lilikaa mchana katika jengo la vioo, naye Nakijwa aliwaeleza wajumbe yote, hata sehemu iliyomwaibisha. Profesa Lwitiko, mwenyekiti, mtu mkavu aliyezoea kufunga miradi, alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Mjumbe mmoja alisema utafiti umechafuka na hauna budi kutupwa.

"Umechafuka, sikatai," Nakijwa alisema. "Lakini wazee hawa walitufanyia jaribio ambalo sisi tusingethubutu kulifanya. Sisi tungewapa wote dozi kubwa, waumwe matumbo, waache njiani. Wao wamegundua kwamba nusu inatosha. Na hawakuwa na lengo la kugundua chochote. Walikataa tu kuona peke yao."

Profesa Lwitiko alikohoa. Kisha akauliza kama mtu anayezungumza pembeni, "Mimi ni Mnyakyusa. Ningekuwa katika mtaa ule, ningetukanwa na nani?" Watu walicheka, na chumba kikalegea.

Waliamua hivi: utafiti wa Mtaa wa Zabibu uishe siku ileile, hivyo hakuna wa kutolewa. Kila mzee apewe dawa ya kweli, nusu dozi. Utafiti mwingine uanze katika miji mingine, safari hii wakiulizwa wenyeji kwanza nani anakula kwa nani. Mjumbe yule wa mwanzo naye aliinua mkono kukubali.

"Na waliokula chaki?" Profesa aliuliza.

"Nitakwenda mwenyewe," Nakijwa alisema.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi alipofika nyumba ya mwisho. Uwanja ulifagiliwa na roboti mdogo aliyekuwa akizungukazunguka bila takataka ya kuokota. Mzee Kiwelu alimfungulia mwenyewe, mrefu, shati limepigwa pasi, ameinamisha kichwa upande ili amwone mgeni kwa pembe ya jicho.

"Karibu, Dokta. Samahani, sikutazami sawasawa. Nikikutazama hasa, unapotea."

Walikaa. Akamwagiza roboti alete kahawa. Nakijwa alimweleza bila kuzungukazunguka: kwamba dawa imefaa, kwamba yeye alipangiwa chaki, kwamba wenzake wengi walinusurika kwa sababu waligawana, na yeye hakuwa na wa kugawana naye. Kwamba alichokwisha kupoteza hakitarudi. Kwamba kilichobaki, kuanzia kesho asubuhi, kitalindwa.

"Nashukuru, Dokta," Mzee Kiwelu alisema. "Mlitueleza mapema kwamba wengine ni chaki. Nilikubali mwenyewe. Ndiyo kazi ilivyo." Alizungusha kikombe. "Mjukuu wangu aliolewa mwezi uliopita. Niliona gauni lake lote. Watu wananiambia alikuwa anacheka."

"Pole sana, Mzee."

"Asante. Nashukuru. Kila mtu hapa ni mwema kwangu."

Nakijwa alitafuta neno, akaona maneno yote aliyo nayo ni ya pole, na pole ilikuwa imejaa nyumba ile hadi darini.

"Jina lako la ukoo nani, Dokta?" mzee aliuliza, kwa adabu tu.

"Mbwambo."

Kikombe kilisimama. "Mbwambo wa wapi?"

"Same."

"Mpare!" Mzee Kiwelu aliinua kichwa, kisha akakiinamisha upande wa pili ili amwone kwa jicho lingine. "Nilijua! Nikajiuliza, ni nani ana moyo wa kumlisha mtu chaki kila siku na kumwambia ni dawa? Kumbe Wapare! Mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku, mtashindwaje kubana unga wa dawa?"

Nakijwa aliweka kikombe chake chini. "Na wewe Mchaga hukukosa kidonge hata siku moja," alisema. "Nimeona. Wenzako wanasahau, wewe hukusahau. Kwa nini? Kwa sababu kilikuwa cha bure! Ingekuwa sumu ya bure ungekula pia, na kubeba nyingine ya kupeleka nyumbani Krismasi."

Mzee alicheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kama mashine iliyolala muda mrefu bila mafuta, kikapanda mpaka roboti wa nje akasimama kufagia. "Hukumu!" alisema akijipigapiga goti. "Nitakushtaki! Hapana, ukishtakiwa utafurahi, ndiyo chakula chenu!"

Waliendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa. Mzee alimwambia Wapare wanapika makande kwa sababu hawawezi kuchagua kati ya mahindi na maharage bila kwenda mahakamani. Nakijwa alimwambia Wachaga wanapanda migomba hata kwenye ndoto. Na katikati ya matusi hayo, polepole, mzee alimweleza habari za mjukuu wake, sauti yake, mguu wake mmoja unaotangulia akitembea, yote ambayo anaweza bado kumtambulia. Nakijwa alimweleza habari za mama yake anayempapasa paji la uso.

"Mwambie mama yako akutukane," mzee alisema. "Sauti ya mtu akikutukana kwa upendo, hakuna ukungu unaoifunika."

Mzee alipomsindikiza mlangoni, Nakijwa alimkumbusha kwamba mgawadawa utadondosha kidonge cha kweli alfajiri. Aliahidi kuwaambia wale bibi wawili kwamba hapa pana mtu anayeweza kutukanwa. Kama hakuna mtani wa kabila, wataugeuza ujirani kuwa utani.

"Waje," Mzee Kiwelu alisema. "Lakini wewe ndiye mtani wangu hasa." Alishika fremu ya mlango, akageuza uso pembeni, akamtazama kwa pembe ya jicho kadiri jicho lilivyoweza. "Uje tena, Mpare wewe. Njoo hata kesho. Ila ukija na pole, sikufungulii. Njoo na matusi."